Mtoto Hatazami Asichokielewa

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Mamie Clark, mwanafunzi wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, alianza kuchunguza jinsi watoto weusi wadogo wanavyojitambua. Yeye na mumewe Kenneth wakaendeleza kazi hiyo kwa kutumia wanasesere wanne waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi: wawili wa kahawia wenye nywele nyeusi, wawili weupe wenye nywele za manjano. Watoto weusi 253 wa miaka mitatu hadi saba, wengine kutoka shule zilizotenganishwa kwa rangi huko Arkansas na wengine kutoka shule za mchanganyiko huko Massachusetts, waliombwa mambo mepesi: nipe mwanasesere unayependa kucheza naye, nipe aliye mzuri, nipe anayeonekana mbaya, nipe anayefanana na wewe. Theluthi mbili hivi walichagua kucheza na mweupe. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipopiga marufuku utengano wa rangi shuleni katika kesi ya Brown, ilitaja kazi ya Kenneth Clark katika tanbihi ya hukumu. Hapo ndipo wazo ambalo limekuwa likizunguka katika semina za walimu, ofisi za wachapishaji na vyumba vya kutengenezea vipindi vya watoto lilipopata muhuri wa dola: kwamba mtoto asiyejiona katika kitabu, picha au runinga hujidharau, na anayejidharau huanguka darasani.

Wazo hilo lina ukweli ndani yake, ila ukweli huo umekuwa ukitafutwa mahali pasipo pake. Kwa zaidi ya miaka themanini watafiti wamejaribu kuchora mstari ulionyooka kutoka kwenye sura ya mtoto inayoonekana hadi kwenye alama zake za mtihani, na mstari huo umekataa kunyooka. Historia ya utafiti wenyewe, ukiifuata kwa utulivu, inaonyesha njia nyingine inayopitia kwenye kuelewa. Mtoto hukaa mbele ya kile anachokielewa, hujifunza alichokaa nacho, na sura inayofanana na yake ni mojawapo tu ya mambo yanayomsaidia kuelewa. Lugha ni jambo kubwa kuliko sura. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hilo lina uzito wa pekee, maana huku kwetu mtoto anaweza kuona nyuso nyeusi tupu kwenye kioo cha runinga kuanzia asubuhi hadi jioni na bado asiambulie neno.

Turudi kwanza kwa wanasesere. Jambo ambalo wengi wanaoutaja utafiti wa Clark hawalisemi ni kwamba watoto wa kaskazini, waliokuwa wakisoma pamoja na weupe, walimchagua mwanasesere mweupe mara nyingi kuliko watoto wa kusini waliosoma peke yao: asilimia 72 kwa 62. Kama utengano wa shule ndio uliokuwa ukiwavunja moyo, tungetarajia kinyume chake. Kenneth Clark alikuwa na maelezo yake, na hukumu ya mahakama ilikuwa ya haki iwe tanbihi ile ipo au haipo. Haki ya raia haingojei ushahidi wa mwanasesere. Lakini kuna pengo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Katika jaribio lote hakuna aliyepima kama mtoto aliyemchagua mweupe alisoma vibaya kuliko aliyemchagua wa kahawia. Ufaulu haukupimwa kabisa. Uliongezewa baadaye na wasomaji.

Baada ya hapo ukafuata utamaduni wa kuhesabu. Mwaka 1965 Nancy Larrick alipitia vitabu vya watoto 5,206 vilivyotolewa na wachapishaji wa Marekani kati ya 1962 na 1964, akakuta 349 tu, yaani asilimia 6.7, ndivyo vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja. Huku kwetu Anna Obura alifanya kazi ya aina hiyo kwa wasichana na wanawake katika vitabu vya kiada vya Kenya, akaitoa mwaka 1991, na picha aliyoipata haikupendeza: wanaume walitawala kurasa, na wanawake walipotokea walipewa kazi chache zilezile. Hesabu za namna hii zina heshima yake. Zilimwondolea mchapishaji kisingizio cha kusema hajui. Hata hivyo zinapima kitabu, hazimpimi msomaji. Kujua kwamba msichana ameonekana mara chache katika kitabu cha hisabati hakutuambii iwapo msichana aliyekishika alishindwa kugawanya. Tumekuwa wepesi mno kuruka mto huo bila daraja.

Daraja lilianza kujengwa bila kukusudiwa, na watu waliokuwa na haja ya kutengeneza kipindi. Mwaka 1966 ripoti ya James Coleman, iliyokusanya taarifa za zaidi ya wanafunzi 600,000 wa Marekani, iliwashtua wengi kwa kuonyesha kwamba tofauti za ufaulu zilifuata zaidi hali ya familia kuliko majengo na vifaa vya shule. Ikiwa hivyo, pengo lilikuwa limeshachimbika kabla mtoto hajavuka mlango wa darasa la kwanza. Joan Ganz Cooney na Lloyd Morrisett walikuwa tayari wakijiuliza kama runinga, iliyokuwa imeshaingia hata katika nyumba za maskini wa Marekani, ingeweza kumfikia mtoto huyo mapema. Kipindi chao, Sesame Street, kilianza kurushwa tarehe 10 Novemba 1969. Mandhari yake ilikuwa mtaa wa mjini wenye ngazi za nje na mapipa ya taka, na watu wazima wawili wa mbele kabisa, Gordon na Susan, walikuwa mume na mke weusi. Mwaka 1970 tume ya runinga ya elimu ya jimbo la Mississippi iliamua kutokirusha kwa sababu ya mchanganyiko huo wa rangi, kisha baada ya wiki chache za aibu ikarudi nyuma. Basi wakubwa waliona sura. Swali ni watoto waliona nini.

Edward Palmer, mkuu wa utafiti wa kipindi hicho, alikuwa na njia ya kulijibu ambayo hadi leo inavutia kwa urahisi wake. Alimweka mtoto mbele ya runinga, na pembeni akaweka projekta iliyobadilisha slaidi kila baada ya sekunde chache. Mtu mmoja alikaa akiandika ni wakati gani macho ya mtoto yaliacha kipindi na kwenda kwenye slaidi. Hakumuuliza mtoto anapenda nini, aliyasikiliza macho. Washauri wa saikolojia walikuwa wamesisitiza kwamba vikaragosi vya kipindi hicho visichanganywe na watu halisi, wakihofia kumchanganya mtoto. Vipindi vya majaribio vilipoonyeshwa kwa watoto wa Philadelphia katikati ya 1969, macho yalikimbia kila mara mandhari ya mtaa ilipoingia bila vikaragosi. Yaani sehemu ile ile yenye Gordon na Susan, ambayo watetezi wa uwakilishi wangeitegemea zaidi, ndiyo iliyowapoteza watoto. Watengenezaji hawakuwaondoa Gordon na Susan. Waliwaletea majirani wapya, ndege mkubwa wa manjano na jitu linaloishi kwenye pipa la taka, na macho yakatulia.

Lakini jaribio lililofika kwenye mzizi lilifanywa na Daniel Anderson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, wakalitangaza mwaka 1981. Wakati huo wakosoaji wengi wa runinga waliamini kwamba mtoto mdogo hushikwa na mwendo, rangi na kelele tu, kama nondo kwenye taa, na kwamba kuelewa hakuhusiki. Anderson alichukua vipande vya Sesame Street akaviharibu kwa makusudi. Katika baadhi alipanga picha ovyo, katika vingine aligeuza sauti isikike kinyumenyume, na katika vingine tena akaweka mazungumzo ya Kigiriki. Picha ni zile zile, nyuso zile zile, vikaragosi vile vile, rangi zile zile. Kama hoja ya nondo ingekuwa kweli, watoto wangeendelea kukodoa macho. Kama hoja ya sura ingejitosheleza, vilevile. Haikuwa hivyo. Lugha ilipovurugwa, watoto walitazama kidogo, na kuvuruga lugha kuliwafukuza zaidi kuliko kuvuruga mpangilio wa picha. Mtoto ambaye hata kuvaa viatu hajajua alikuwa akipima mwenyewe kama kinachosemwa kinamhusu, na alipoona hakimhusu akageukia vitu vyake vya kuchezea. Kwangu mimi huu ni ugunduzi mzito kuliko wa wanasesere, na ni ajabu kwamba haujulikani nje ya duru za wataalamu.

Kuna mfano mwingine kutoka mtaa huohuo. Matt Robinson, aliyeigiza Gordon, alibuni kikaragosi aliyeitwa Roosevelt Franklin na kumpa sauti. Ngozi yake ilikuwa ya zambarau, rangi isiyo ya binadamu yeyote. Hata hivyo hakuna mtazamaji wa Marekani aliyekuwa na shaka kwamba ni mtoto mweusi, maana alizungumza kwa lafudhi, mzaha na mwimbo wa watoto weusi wa mjini. Baadhi ya wazazi weusi walimpenda kwa sababu hiyo hiyo, na wengine walimlalamikia kwa sababu hiyo hiyo, wakiona anawachora watoto wao kama watundu wasiojua usemi wa shule. Katikati ya miaka ya 1970 akatoweka. Tunaweza kubishana kama uamuzi ulikuwa sahihi. Mimi nadhani hofu ilizidi busara. Lisilobishika ni kwamba kila upande ulimtambua kwa masikio.

Sasa tuje kwenye ufaulu, ambako wenye shaka wana hoja nzito. Tathmini ya kwanza ya Sesame Street ilifanywa na Samuel Ball na Gerry Ann Bogatz wa shirika la upimaji la ETS, kwa kuagizwa na watengenezaji wenyewe, katika maeneo matano, na matokeo yake ya 1970 yalikuwa ya shangwe: waliotazama zaidi walijua herufi na hesabu zaidi, wawe wa familia maskini au zenye nafuu. Miaka mitano baadaye Thomas Cook na wenzake wakazichambua upya takwimu zilezile. Wakaonyesha kwamba sehemu ya faida ilitokana na watoto kuhimizwa na kutembelewa nyumbani na watu wa mradi, na kwamba kipindi kikiwafikia wote huku wenye nafuu wakitazama kwa bidii zaidi, pengo linaweza kupanuka badala ya kuzibika. Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Kipindi kizuri kwa kila mtoto bado kinaweza kuwa kibaya kwa usawa.

Jibu lilichelewa kwa zaidi ya miaka arobaini na likatoka kwa wachumi. Melissa Kearney na Phillip Levine waligundua kwamba mwaka 1969 theluthi moja hivi ya Wamarekani hawakuweza kukipata kipindi hicho, kwa sababu tu kituo chao kilirusha kwa masafa ya juu zaidi ambayo runinga nyingi za siku hizo ziliyapokea kwa shida, au mnara ulikuwa mbali. Masafa hayakumchagua mtu kwa utajiri wala rangi, hivyo yakawa kama bahati nasibu. Walipolinganisha, katika kazi iliyochapishwa 2019, waliona kwamba watoto waliokuwa wadogo katika maeneo yenye mawimbi mazuri walielekea zaidi kuwa kwenye darasa linalolingana na umri wao, na manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa wavulana na kwa watoto weusi. Pengo, basi, halikupanuka kama ilivyohofiwa. Hata hivyo hawakupata ushahidi ulio wazi kwamba watoto hao waliishia kusoma hadi ngazi za juu zaidi ukubwani. Runinga iliwaanzisha vizuri. Safari iliyobaki ilikuwa ya shule, na shule za maskini wa Marekani hazikubadilishwa na kikaragosi.

Kuna anayeweza kusema: ikiwa waliofaidi zaidi ni watoto weusi, si ndiyo sura ya Gordon na Susan imefanya kazi? Inawezekana kwa sehemu. Lakini kumbuka pia waliofaidi walikuwa wale ambao nyumbani hawakuwa na njia nyingine nyingi za kukutana na herufi mapema, na takwimu za wachumi hao haziwezi kutenganisha hayo mawili. Tena kuna ushahidi wa upande wa pili. Watoto wa wahamiaji kutoka Asia Mashariki wamekuwa wakipata alama za juu katika shule za Marekani kwa miongo mingi ambayo runinga ya nchi hiyo karibu haikuwaonyesha kabisa. Kinyume chake, Nicole Martins na Kristen Harrison walitangaza mwaka 2012 uchunguzi wa watoto karibu 400, weusi na weupe, wakaona kwamba kadiri walivyotazama runinga zaidi ndivyo hali ya kujithamini ilivyoshuka kwa wote isipokuwa wavulana weupe. Utafiti huo unatuambia picha mbaya inaumiza, na kuumia kwa mtoto ni jambo la kukomeshwa hata kama alama hazitikisiki. Mtetezi wa uwakilishi hahitaji kuahidi alama ili hoja yake isimame. Akiahidi, anaweka kesi njema juu ya ushahidi dhaifu, na siku ushahidi ukivunjika watu wataitupa kesi pamoja nao.

Huku kwetu historia ilikwenda kwa mpangilio wake. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa imetangulia miaka ishirini hivi. Kwa upande wa pili, tangu 1967 mtoto wa shule ya msingi ya serikali alifundishwa kwa Kiswahili, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazikulithubutu. Kwa hiyo vipindi vya kisasa vya watoto vilipoanza kutengenezwa nchini, vilikuta lugha imeshafika kabla ya kioo. Kilimani Sesame, tawi la Kitanzania la kipindi kile cha Marekani, lilifanyiwa utafiti na Dina Borzekowski na mwenzake, uliotolewa mwaka 2010: watoto wa umri wa chekechea waliokutana zaidi na vipindi, redio na vitabu vya mradi huo walifanya vizuri zaidi katika herufi, hesabu na maarifa ya afya, malaria ikiwemo. Januari 2014 ikaja Ubongo Kids, katuni ya hisabati kwa Kiswahili iliyotengenezwa Dar es Salaam, na baadaye ndugu yake mdogo, Akili and Me. Borzekowski alirudi kuipima hii ya pili kwa watoto zaidi ya 500 wa Morogoro, akachapisha matokeo mwaka 2018: walioitazama waliwapita wenzao katika kuchora, kutambua maumbo, kusoma tarakimu na kuhesabu. Mwaka 2020 Joe Watson na wenzake wa Cambridge walitumia takwimu za Uwezo, upimaji unaofanywa nyumba kwa nyumba, wakaona uhusiano kati ya kuijua Ubongo Kids na uwezo wa hisabati hata baada ya kuzingatia hali ya nyumbani. Uhusiano huo ulikuwa wa kiasi, na haukosi mashaka: familia inayokijua kipindi inaweza kuwa familia inayofuatilia masomo kwa njia nyingine pia.

Pingamizi linalosikika zaidi Dar es Salaam na Nairobi, hata hivyo, halihusu takwimu. Mzazi huuliza: mtihani wa sekondari ni wa Kiingereza, kazi ni za Kiingereza, sasa katuni ya Kiswahili itamfikisha wapi mwanangu? Bora atazame za Wazungu azoee sikio. Hapa ndipo jaribio la Kigiriki lina faida. Mtoto wa miaka mitatu anayewekewa lugha asiyoijua hazoei sikio, anageuka. Akibaki mbele ya kioo, anabaki kwa ajili ya mwendo na rangi, na hivyo tunamgeuza kuwa yule nondo ambaye Anderson alithibitisha hakuwepo. Tena katika utafiti wa Morogoro, mojawapo ya mambo ambayo watazamaji wa Akili and Me waliwapita wenzao ni Kiingereza chenyewe. Katuni hiyo huzungumza na mtoto kwa Kiswahili kisha humfundisha maneno ya Kiingereza akiwa tayari ameketi na ameelewa. Penina Mlama na May Matteru walikwishaonyesha jambo linalokaribiana na hilo kwa wanafunzi wakubwa mwaka 1978, katika utafiti uliochapishwa na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA): wanafunzi wa sekondari walioduwaa na kubabaika walipoulizwa kwa Kiingereza walijieleza sawasawa swali lilipogeuzwa Kiswahili. Ujuzi ulikuwemo. Mlango wa kuutoa ndio uliokuwa umefungwa, na serikali kwa miongo iliyofuata ikaendelea kuwapa wanafunzi mtihani kupitia mlango huohuo.

Hofu ya Thomas Cook nayo ilivuka bahari pamoja na vikaragosi. Kaya nyingi za vijijini hazina runinga wala umeme wa uhakika, na katuni nzuri ya Kiswahili inayotazamwa zaidi na watoto wa mjini inaweza kuwa kile kipindi kizuri kinachopanua pengo. Ndiyo maana mradi wa RISE wa Zanzibar, ulioanza mwaka 2006, unastahili nafasi kubwa katika historia hii kuliko inayopewa. Ulirusha vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wa awali na wa darasa la kwanza, wakiwemo wa vijijini ambao hawakuwa na shule ya awali jirani na walikusanyika mahali popote penye kivuli pamoja na mlezi na redio moja. Sauti iliuliza, watoto wakajibu kwa pamoja, wakaimba, wakahesabu vijiti, wakaruka. Tathmini ya mradi iliona watoto hao wakipiga hatua kubwa kuliko wenzao waliolinganishwa nao. Na katika mafunzo yote hayo hapakuwa na sura hata moja ya kutazama: hapakuwa na mwanasesere wala kikaragosi wa zambarau, ila sauti iliyojua jinsi mtoto wa Unguja na Pemba anavyoitwa, anavyochekeshwa na anavyohesabu.